Diski sita: arei moja au mbili? Na kwa nini RAID 5 yetu ilikufa ikiwa inajijenga upya?

#1 Kibuyu wa Data
Wakuu habari za jioni. Nina mawili, la kwanza la kuuliza, la pili linanikosesha usingizi.

Nimechukua seva used Kariakoo, HP ML350 G6, ile ya mnara, ina kontrola (kifaa kinachosimamia diski) ya P410i na nafasi sita za diski za inchi 3.5. Nimeijaza diski sita za 2TB. Itabeba mfumo wa mahesabu na mafaili ya ofisi, tuko watu kama ishirini hivi. Sasa nikiwasha nabonyeza F8 naingia kwenye menyu, kwenye aina za RAID (namna ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) cha ajabu naona RAID 0 na RAID 1+0 (diski mapacha, kila data nakala mbili) tu, RAID 5 (inayovumilia kufa kwa diski moja) haipo kabisa. Halafu kila nikiunda lojiko draivu inabeba nafasi yote, sioni pa kuikata. Nilitaka ndogo ya Windows na kubwa ya data. Je nifanye arei mbili, diski mbili za OS na nne za data, au arei moja ya zote sita halafu nigawe?

La pili. Seva ya zamani (aina nyingine, sitaji) ilikuwa na diski nne za 1TB kwenye RAID 5. Ijumaa diski moja ikawaka taa ya njano, nikachomoa, nikaweka mpya, ikaanza kujijenga. Ilipofika asilimia 62 diski nyingine nayo ikatoka na mzigo wote ukaenda. Bakapu ya mwisho ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Nilikaa na mhasibu wetu, mama mtu mzima, siku tisa tunaingiza risiti moja moja kutoka kwenye maboksi, na hakunigombeza hata siku moja. Nataka kujua ILIKUFA KWA NINI ili nisimfanyie tena yule mama vile.

#2 Fundi Mchikichini
Karibu mkuu. RAID 5 huioni kwa sababu hiyo P410i yako haina moduli ya kache (kumbukumbu ya muda ya kontrola). Bila kache inakupa 0, 1 na 1+0 basi. Fungua ubavu wa mashine angalia kwenye ubao, kuna sloti ndogo kama ya RAM, itakuwa tupu. Ukipata moduli ya 256MB au 512MB na betri yake, RAID 5 inatokea yenyewe.

Na F8 ni menyu ya haraka tu, haina sehemu ya kuchagua ukubwa. Tafuta CD ya SmartStart ya HP, buti nayo, ingia ACU (programu ya kupanga arei). Humo ndimo unakata LD (lojiko draivu) unavyotaka.

#3 nyota_ya_jaha
Kibuyu pole sana kwa yaliyokukuta. Mimi ningefanya arei moja halafu LD mbili, ya kwanza 150GB ya Windows, ya pili iliyobaki. Hapo Windows inakaa diski ya kwanza na ya pili, data inakaa zilizobaki, kila kitu chumba chake.

#4 Mzee wa Raki
nyota_ya_jaha hapana mwanangu, hapo ndipo watu wengi wanapoteleza, ngoja niliseme polepole. Arei ni kundi la diski zenyewe, vile vyuma unavyovishika. LD ni kipande kinachokatwa juu ya kundi zima. Kwa hiyo hiyo LD ya 150GB haikai diski ya kwanza na ya pili, inatandazwa kidogo kidogo kwenye ZOTE sita, na ile kubwa nayo inatandazwa kwenye hizo hizo sita. Chukua mikate sita uipange pamoja halafu upitishe kisu kimoja juu, kila mkate unachangia kipande. Diski moja ikiugua LD zote mbili zinaugua siku hiyo hiyo. Kukata LD kunakusaidia kwa kupanga na kwa kubuti, ila hakumkingi mtu na kifo cha diski.

Na hiyo ya kubuti ni muhimu kwa Kibuyu. Seva ya kizazi hicho, 2009, inatumia BIOS ya zamani, haina UEFI. Windows ikibuti kwa BIOS inataka MBR (mpangilio wa zamani wa kugawa diski), na MBR mwisho wake ni 2TB. Ukiunda LD moja ya 6TB ukaweka Windows juu yake utaona 2TB tu, zilizobaki zinakaa pale bila kazi. Kata LD ya kwanza ndogo ya OS, ya pili ifanye GPT (mpangilio mpya usio na ukomo huo), umemaliza.

#5 nyota_ya_jaha
Shikamoo mzee, asante. Miaka mitatu nimekuwa nikiamini hivyo na kuna watu nimewafundisha hivyo hivyo, kesho nawapigia.

#6 Mzee wa Raki
Marahaba. Wapigie.

#7 Dada Terminal
Naongezea hapo hapo kwa Mzee. Kwenye kontrola za Smart Array za HP (P410i ni mojawapo) unaweza kuwa na arei moja yenye LD za RAID tofauti, mfano LD1 iwe 1+0 na LD2 iwe 6, juu ya diski zile zile. PERC, kontrola za Dell, haziruhusu, kule wanaita disk group na virtual disk, na zote zilizo kwenye kundi moja lazima ziwe RAID ya aina moja. Mtu akihama toka Dell kwenda HP au kinyume chake anachanganyikiwa hapo, majina tofauti na sheria tofauti.

Ukishaweka Windows au Linux hata CD huhitaji tena, unaandika mwenyewe:

`ssacli ctrl slot=0 create type=ld drives=1I:1:1,1I:1:2,1I:1:3,1I:1:4 raid=1+0 size=153600`

Hiyo size ni kwa MB. Kwenye mashine za zamani programu inaitwa hpacucli, amri karibu ni zile zile.

#8 Bwana Pariti
Kibuyu kuhusu kifo cha RAID 5, jibu linajulikana, hesabu hii hapa. Diski za kawaida mtengenezaji anaandika kosa moja la kusoma lisilotibika kwa kila biti 10^14, ambayo ni kama 12.5TB. Kwenye kujijenga upya kontrola lazima isome diski zote zilizobaki mwanzo hadi mwisho. Hizo sita za 2TB ukiziweka RAID 5, ikifa moja unasoma 10TB, uwezekano wa kugonga kosa unapita nusu. Ndiyo maana mimi RAID 5 kwa diski kubwa siigusi. Weka RAID 6, unapata 8TB na zinaweza kufa mbili.

#9 Mtu wa Bonde
Pariti hesabu yako ni ya diski sita za 2TB, arei iliyokufa ilikuwa ya nne za 1TB. Hapo ni kusoma 3TB. Kwa fomula yako hiyo hiyo ni kama asilimia 21. Inawezekana, sawa, ila huwezi kusema "jibu linajulikana".

Halafu ile 10^14 ni kiwango cha juu anachojifunga nacho mtengenezaji, haina maana kila 12.5TB lazima lije kosa. Mimi nina arei ya 16TB inasomwa yote kila mwezi, mwaka wa tatu huu, sijaona kosa hata moja.

#10 Bwana Pariti
Diski zako ni za seva, hizo ni 10^15. Mara kumi.

#11 Mtu wa Bonde
Nne kati yake ni za kawaida kabisa, nilizinunua mwenyewe.

#12 Fundi Mchikichini
Mimi nasema diski za bechi moja. Watu wananunua diski nne siku moja, duka moja, serial namba zinafuatana, zimezaliwa pamoja, zimekaa kwenye joto moja, zimezunguka masaa yale yale. Ya kwanza ikichoka wenzake nao wako njiani. Halafu unazipa kazi ya kusomwa usiku kucha bila kupumua. Mimi nikifunga arei siku hizi nachukua diski maduka mawili tofauti hata kama la pili lina bei ya juu.

#13 Pwani Moja
Salaam toka Mombasa. Ndugu zangu nyote mwaongea hesabu, hakuna aliyeuliza seva yenyewe yakaa wapi. Mimi nilipelekewa kontrola "inatupa diski", diski zote nikazipima nzima. Nikatoa ubao wa nyuma, pale trei zinapojichomeka, nikamulika na tochi ya simu: pini zimefanya kijani kibichi. Chumvi. Dirisha la ofisi laelekea baharini na hao watu hufungua dirisha usiku kuokoa umeme wa AC. Nikasafisha na spiriti, hadi leo haijatoa diski. Kibuyu, seva yenu ya zamani ilikaa wapi?

#14 Kibuyu wa Data
Asanteni sana wakuu, nasoma kila mstari. Pwani Moja, ilikaa kwenye kichumba chini ya ngazi, AC ipo ila umeme ukikatika AC inazima na seva inabaki kwenye UPS. Joto lilikuwepo kweli. Vumbi pia.

Fundi, umenigusa. Diski zote nne tulinunua siku moja, duka moja. Nimeangalia sasa hivi, namba za mbili zinafuatana kabisa.

#15 Simba wa Storeji
Swali ambalo hakuna aliyeuliza: diski zilikuwa za aina gani? Za kompyuta ya mezani au za seva? Diski ya mezani ikikutana na sekta mbovu inakomaa nayo, inajaribu kusoma tena na tena, inaweza kukaa dakika nzima kimya. Kontrola haina subira hiyo, ikiona diski haijibu kwa sekunde kadhaa inasema imekufa inaitupa nje. Diski za seva na za NAS zimefungwa zisizidi kama sekunde 7 kisha ziripoti kosa, kontrola inachukua data kwenye pariti (hesabu ya ziada ya kurudishia data iliyopotea) maisha yanaendelea. Kama unatumia Linux piga `smartctl -l scterc` utaona kama diski yako ina hiyo kitu.

Kwa hiyo mimi nasema diski yako ya pili haikufa, ilitupwa nje ikiwa hai.

#16 Kibuyu wa Data
Simba duh. Zilikuwa za mezani. Na sasa nakumbuka kitu, ile diski ya pili nilikuja kuichomeka kwenye kompyuta nyingine ikasomeka, SMART (ripoti ya afya ya diski yenyewe) ikasema iko poa. Nilidhani nimechanganya diski.

#17 Simba wa Storeji
Nimemaliza.

#18 Bwana Pariti
Hujamaliza mkuu. Ilikaa kimya kwa sababu gani? Kwa sababu iligonga sekta mbovu. Tunarudi kwangu, kosa la kusoma ndilo lililoanzisha.

#19 Dada Terminal
Wote wawili mnaweza kuwa sahihi ila kuna swali la tatu: ile sekta mbovu ilikuwepo tangu lini? Faili ambalo halijafunguliwa mwaka mzima, sekta yake inaweza kufa kimyakimya na hakuna anayejua mpaka siku ya kujijenga upya ambapo lazima kila sekta isomwe. Ndiyo maana kontrola zina kazi ya doria, PERC inaita patrol read, inapita kila wiki, Smart Array inakagua uso wa diski seva ikiwa imetulia. Kibuyu, kwenye ya zamani hiyo doria ilikuwa imewashwa? Watu huwa wanaizima "seva iwe nyepesi".

#20 Kibuyu wa Data
Sijui dada. Niliikuta hivyo, aliyefunga kabla yangu alishaondoka.

#21 mtoto wa Ngamiani
Wakuu mimi ni mwanafunzi nasoma tu huu uzi ila nina swali, RAID 5 si ilitengenezwa miaka ya 90 diski zilipokuwa ndogo? Kwa nini bado watu wanaitumia?

#22 Mzee wa Raki
Mwanangu ni 1988. Patterson, Gibson na Katz, chuo cha Berkeley kule California, waliandika andiko moja wakataja ngazi 1 mpaka 5. Ile 0 na 6 zilikuja baadaye. Na herufi I mwanzo ilikuwa ya diski za bei nafuu, wazo lao lilikuwa kundi la diski rahisi lishindane na diski moja kubwa ya bei mbaya ya kompyuta za mashirika. Wauzaji ndio walioigeuza ikawa diski "zinazojitegemea", maana nani atauza bei nafuu kwa bei ghali. Wanaitumia kwa sababu unapoteza diski moja tu. Ukiwa na nne za 2TB, RAID 5 unapata 6TB, 1+0 unapata 4TB. Bosi anaiona ile 6.

#23 Bwana Pariti
Mzee wa Raki miaka yote hii kumbe unahifadhi na historia.

#24 Mzee wa Raki
Pariti kijana wangu mwenyewe, nyamaza uone.

#25 Mama Bakapu
Mimi nataka kusimulia langu kwa sababu hakuna aliyegusa hili: mna uhakika Kibuyu alichomoa diski SAHIHI?

Nilikuwa Dodoma, seva iko tawi la mbali. Kontrola inaniambia diski namba 3 mbovu. Nikampigia kijana wa kule, nikamwambia chomoa ya tatu. Akahesabu toka kushoto: moja, mbili, tatu, akachomoa. Ile seva ilikuwa inahesabu toka SIFURI. Aliyoichomoa ilikuwa namba 2, nzima, na namba 3 mbovu ikabaki ndani. Nilisikia mlio wa kontrola kwenye simu kabla hajasema neno. RAID 5 yenye diski mbovu moja, ukachomoa nzima, kwisha. Dell zinahesabu toka 0, HP zinahesabu toka 1, na mimi nilikuwa nimetoka kufanya kazi kwenye HP miaka minne.

Tangu siku hiyo kila trei inabandikwa plasta nyeupe na namba kwa marka peni, na kabla mtu hajagusa nawasha taa ya diski ipepese. Kwa HP ni `ssacli ctrl slot=0 pd 1I:1:3 modify led=on`. Nasubiri mtu aniambie kwa mdomo wake "naiona inapepesa" ndiyo nasema chomoa.

#26 Kibuyu wa Data
Mama Bakapu mimi nilifuata taa ya njano, kwa hiyo nadhani ilikuwa sahihi. Na ilianza kujijenga, ikafika 62. Ila pole sana, huo mlio kwenye simu nimeusikia hapa nilipo.

#27 Mtu wa Bonde
Na betri ya kache je? Betri ikifa kontrola inaacha kuandika kwenye kache inaandika moja kwa moja kwenye diski, seva inakuwa kobe. Kuna watu wanalazimisha kache iendelee hivyo hivyo bila betri. Umeme ukikata katikati, data imeandikwa pariti bado, vinapishana. Kwa umeme wetu huu wa kukatika mara tatu kwa siku RAID 5 bila betri ni kujitafutia balaa. Inawezekana ile arei ilishaharibika zamani.

#28 Simba wa Storeji
Hiyo ni kweli kabisa ila haielezi kilichotokea. Pariti ikipishana na data unapata faili bovu, haitupi diski nje. Kibuyu alitupiwa diski nje.

#29 Mtu wa Bonde
Sawa, hapo nimekubali. Lakini suala la betri lisimame kwa seva mpya. Kibuyu akinunua moduli ya kache asinunue bila betri, na akiweza achukue ile ya FBWC yenye kapasita, ile umeme ukikata inamwaga kache kwenye flashi, haina haraka ya siku mbili tatu kama betri.

#30 Pwani Moja
Na betri hizo used muangalie, zavimba. Nishatoa moja imetuna kama andazi.

#31 Fundi Mchikichini
Kingine Kibuyu kabla hujashusha pesa: RAID 6, ambayo HP wanaiita ADG, kwenye P410 inataka leseni ya kulipia juu ya moduli ya kache. Kwa hiyo ushauri wa Pariti kwa mashine hiyo una gharama mbili. 1+0 inakupa 6TB bure, sasa hivi, na ikifa moja inanakili toka kwa pacha wake tu, inasoma diski MOJA badala ya tano. Kuandika nako ni kwepesi, kila andiko ni kazi mbili za diski, RAID 5 ni nne, RAID 6 ni sita. Kwa mfumo wa mahesabu, maandiko madogo madogo kutwa nzima, utaona tofauti.

#32 Bwana Pariti
1+0 wakifa mapacha wawili umekwisha vile vile. RAID 6 haijali ni zipi mbili.

#33 Fundi Mchikichini
Sikatai. Nasema mfuko wake.

#34 mtoto wa Ngamiani
Samahani tena, na ile seva ya zamani kontrola ikifa yenyewe diski zikiwa nzima inakuwaje?

#35 Dada Terminal
Swali zuri mdogo wangu. Mpangilio wa arei unaandikwa pia kwenye diski zenyewe. Zima seva, hamisha ZOTE kwa pamoja kwenda kwenye kontrola ya familia moja, itazitambua. Kwenye PERC zitatokea kama "Foreign" na utapewa chaguo mbili, Import na Clear. Clear inafuta mpangilio. Mimi siku ya kwanza nilikaa mbele ya ile skrini robo saa mikono imeingia mfukoni, naogopa kidole kisiguse kitufe. Ni Import. Uandike ukutani.

#36 Kibuyu wa Data
Narudi wakuu. Nimepata moduli ya 512MB na betri, haijavimba, nimeikagua kwa tochi (asante Pwani). RAID 5 imetokea kwenye menyu kama Fundi alivyosema, na sikuichagua. Arei A diski zote sita, LD1 150GB 1+0, LD2 iliyobaki 1+0, GPT. Diski tatu toka duka moja tatu toka jingine. Plasta na namba kwenye trei zote. Diski ya nje ya bakapu kila jioni anaondoka nayo mama mhasibu kwenye pochi, ameomba mwenyewe.

Ile diski ya pili ninayo bado. Nimeisoma yote jana usiku kwenye Linux mwanzo hadi mwisho, masaa karibu matatu. Hakuna kosa hata moja.

#37 Simba wa Storeji
Kwa hiyo ni mimi.

#38 Pwani Moja
Ama ni mimi. Ubao wa nyuma wa ile seva bado waupata? Mulika pini.

#39 Bwana Pariti
Hakuna kosa SASA. Angalia sekta zilizobadilishwa na zinazosubiri kubadilishwa kwenye SMART, ile mistari ya 5 na 197, weka hapa tuone.

#40 Kibuyu wa Data
Mstari wa 5 unasema 8. 197 ni sifuri. Ubao wa nyuma upo stoo, kesho asubuhi naenda na tochi.